Mama Amepumzika

Mkinikuta sokoni Masii siku ya soko na mkaanza kucheka kabla hamjanisalimia, mjue mimi nimeshazoea na wala sinuni, maana aibu niliyoipata si ya kufunika na gunia, lakini naomba mcheke kile kilichotokea, si hiki kinachosimuliwa na watu wa boda, eti nilifufuka ndani ya jeneza nikaitisha maji ya kunywa. Jeneza halikuwepo. (Lilikuwa limeagizwa, nakubali, lakini halikuwa limefika.) Kwa hivyo kaeni niwaambie mimi mwenyewe nilivyoombewa dua ya marehemu nikiwa mzima, nasikia kila neno, nimejikunyata chini ya blanketi kama panya ndani ya gunia la ndengu, na yote hayo kwa sababu ya jozi moja ya viatu.

Mimi ni Ndunge, Mama Mwende, nashona nguo za shule pale mjini Machakos na nyumbani kwangu ni Kalama, kwa kina Musyoka. Musyoka ndiye alikuwa mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, anabeba viazi na kabeji kutoka pande za Nyeri na Nanyuki, na kila safari alipita chini ya Mlima Kenya, na kila aliporudi nyumbani, hata kabla ya kunawa mikono, angeniambia mlima ulikuwaje siku hiyo. Leo ulikuwa umevaa kofia. Leo ulikuwa wazi mpaka nikaona theluji. Leo ulinikatalia, mawingu tu. Alikuwa anauongelea vile watu wengine wanamwongelea mtu. Na alikuwa na neno lake moja: "Ndunge, siku moja nitaegesha hii lori kando ya barabara nipande huko juu, na wewe utakuja na mimi." Mimi nilikuwa namjibu, "Nani atabaki na ng'ombe?" Basi hayo ndiyo maongezi yetu, mwaka nenda mwaka rudi, lori, mlima na ng'ombe.

Siku moja akarudi na buti za kupandia mlima, za mitumba, lakini ngozi nzuri nene ya kizungu, kamba nyekundu. Akawa anazivaa Jumapili jioni anazunguka nazo boma, anasema anazizoesha mguu. Majirani wakacheka wakachoka. Halafu presha ikampata ghafla akiwa nyumbani, mchana, anakunywa uji, na hakufika hospitali. Buti nikazifunga ndani ya gazeti nikaziweka chini ya kitanda. Sikuzigusa miaka mingi. Lakini asubuhi zile za baada ya mvua, hewa ikiwa safi, nilikuwa napanda mgongo wa kilima nyuma ya nyumba, naangalia kaskazini, na kama mlima uko wazi, kale kadoa keupe kako pale mwisho wa dunia, nasimama mpaka kafunikwe. Sikumwambia mtu. Mama wa makamo amesimama kilimani saa za kukamua, ungemwambia nani?

Mwende, binti yangu, anaishi Syokimau na anafanya kazi ya ofisi, na yeye na rafiki zake ni wale vijana ambao wakipata likizo hawaji kulala nyumbani, wanatafuta mlima. Wamepanda Kilima Mbogo, wamepanda Longonot, na picha wanaweka kwa simu. Mwaka huo akaniambia, "Mathe, likizo hii sisi wawili tu. Mlima Kenya. Nishalipa, usiniambie mambo ya ng'ombe." Nikacheka, halafu nikaenda chumbani nikafunga mlango nikalia kidogo, halafu nikatoa zile buti.

Sasa hapo ndipo nilikosea, na nilikosea mbele ya shahidi. Mwende alizishika akazikunja, akasema, "Mathe, hizi ni za baba, najua, lakini zimekauka. Pale geti wanakodisha mpya. Zikae tu." Mimi nikasema baba yako hakufika, wacha hata viatu vyake vifike. Ungemjibu nini mtu anayesema hivyo? Akanirudishia. Nami nikazipaka mafuta ya kupikia ndani na nje zikang'aa kama maandazi, nikavaa soksi jozi tatu kwa sababu mguu wa Musyoka ulikuwa mkubwa, na vitu vyangu nikatia ndani ya kiondo, kile kikubwa nilichosukiwa na wamama wa chama, kimeandikwa kwa nyuzi nyekundu MAMA MWENDE KALAMA. Mwende aliniletea mkoba wa mgongoni nikaukataa. (Mama yangu alibeba maji kutoka mtoni na kamba ya kiondo kwenye paji la uso, mimi nitashindwa kubeba sweta?)

Basi tukaenda. Siku ya kwanza ilikuwa tamu mpaka leo naiwaza. Kuanzia geti la msitu ni barabara inapanda ndani ya mianzi, baridi ya kupendeza, ndege wanaita, na kiongozi wetu, mtu wa huko anaitwa Gitonga, mpole, anatembea kama mtu anayeenda kanisani mapema. Kila mara ananiambia, "Mama, polepole. Mulima haiendi mahali." Nami najisikia niko na Musyoka. Kweli. Buti zinasema kwa, kwa, kwa, na mimi nafuata sauti yake. Tulilala kwenye vibanda vya kituo cha hali ya hewa, na asubuhi tukaanza kupanda mapema kukiwa na ukungu.

Kutoka hapo miti inaisha, unaingia mahali wapandaji wanapaogopa, mwinuko mrefu wenye kinamasi, nyasi za mafungumafungu na katikati tope jeusi linalomeza mguu. Gitonga akasema tukanyage juu ya mafungu ya nyasi. Vijana waliokuwa mbele yetu walikuwa wanaruka kama mbuzi. Mimi nikaruka fungu la kwanza, la pili, halafu la tatu likanikataa, mguu ukazama mpaka kwenye goti. Nikavuta. Haukutoka. Nikavuta kwa nguvu za kuvuta ndama, na ukatoka, pwaa! Nikauangalia. Ngozi iko, kamba nyekundu ziko, soksi tatu nyeupe nazo zinaniangalia kutoka chini. Soli imebaki ndani ya mlima.

"Mama," Gitonga akasema, na alijitahidi sana asicheke, namsifu, "hii kiatu imeshoka."

Gundi ilikuwa imekauka miaka yote hiyo chini ya kitanda, ikawa unga. Gitonga akafunga mguu wangu na kamba ya hema, tukasonga kidogo, na cha kushoto nacho kikafungua mdomo kama mamba wa Masinga, kila nikipiga hatua kinauma tope na kulitema. Wazungu wawili wakapita wakasema pole. Wapagazi wakapita na masanduku ya mayai kichwani wakasema pole. Mwende hakusema "nilikuambia". Ningefurahi angesema. Alikuwa anauma mdomo tu. Akataka kunipa viatu vyake, mguu wake ni wa mtoto. Gitonga akasema turudi tukatafute viatu kituoni. Mimi nikasema hapana, tuendelee, nimetoka mbali, na nikaruka fungu lingine kwa hasira, na hilo ndilo fungu lililonimaliza. Kifundo cha mguu kikapinduka, mimi nikaenda upande, kiondo kikaenda upande wake, na simu ikaruka kutoka ndani ya kiondo ikaingia kwenye kidimbwi cheusi bila hata kutoa sauti.

Nikakaa pale kwenye nyasi, nimelowa mpaka chupi (samahani, lakini si tunaongea ukweli?), mguu unavimba ukiuangalia. Na wakati huohuo, kana kwamba mtu amevuta pazia, ukungu ukafunguka, na vilele vikatokea. Siwezi kuwadanganya kwamba naweza kuvieleza. Nimeviona kutoka Kalama maisha yangu yote vikiwa kama punje ya chumvi, na sasa vilikuwa hapo, vyeusi, vikubwa, na theluji iko kwenye mifereji yake, karibu hivi kwamba nilinyoosha mkono kama mjinga. Nikasema kwa sauti, "Musyoka, si uone." Halafu nikalia, na kila mtu akafikiri nalia kwa maumivu ya mguu, wakanipa dawa.

Mwende akasema tunashuka wote. Nikamwambia hapana. "Mathe, siwezi kukuacha." Nikamshika mkono nikamwambia, "Baba yako alikufa akiwa chini. Mimi nimefika hapa. Wewe fika. Ukirudi bila kufika, sitakuongelesha mpaka Krismasi." Akalia, akanikumbatia, akaenda na kikundi kingine kilichokuwa kinapanda, anageuka kila mara, kofia yake ya njano inapungua, inapungua, mpaka ikawa hakuna. Gitonga akabaki na mimi, na wapagazi wakateremka kuleta machela.

Hiyo machela muione. Ni ya chuma, chini ina gurudumu moja katikati, kama wilbaro ya fundi wa mawe, mtu mmoja mbele mwingine nyuma, na wewe umefungwa mikanda kifuani na mapajani usianguke. Wakanifunika blanketi la kijivu, wakaniwekea kiondo tumboni, tukaanza kuteremka, na kila jiwe nilikuwa nalitambua kwa jina. Sasa, njia ni ile moja. Wanaopanda wote lazima wakupite. Na wote wanaangalia. Mmoja akatoa simu akanipiga picha, mwingine naye akatoa. Mimi nikajiwazia jinsi nitakavyoonekana, leso imetoka, nywele zimesimama, tope puani, na kiatu kisicho na soli kimechungulia mwisho wa blanketi, nikajiambia Ndunge, funika uso. Nikavuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Hilo tu ndilo nililofanya. Nilivuta blanketi.

Kitambo kidogo nikasikia vijana wengi wanapanda wakiimba, na lo, wanaimba Kikamba! Watu wa nyumbani! Nikamwita Gitonga kwa sauti ya chini kutoka ndani ya blanketi, "Gitonga, hao ni watu wetu. Usiwaambie mimi ni nani. Usiwaambie chochote. Waambie napumzika." Maana nilijua, wakijua ni mama wa Kalama ameanguka kwenye matope na viatu vya marehemu mumewe, Jumapili nitaenda kanisa gani?

Wimbo ukakatika. Nikasikia viatu vinasimama. Sauti ya kijana ikauliza, kwa heshima sana, "Mzee, kumeendaje? Huyu ni nani?"

Na Gitonga, mtu mwaminifu, aliyeambiwa asiseme chochote, ambaye Kiswahili chake kina mlango wake na dirisha lake, akavua kofia yake ya sufu (alikuwa anapangusa jasho, aliniambia baadaye), akainamisha kichwa, akasema:

"Ni mama. Mama amepumzika."

Msichana mmoja akasema "Aiya!" akaanza kulia. Mimi ndani ya blanketi nikajiuliza, mbona analia, mtu akipumzika? Ndipo ikanijia, taratibu, kama maji ya baridi yanayoingia kwenye kiatu. Wamefikiri nimekufa.

Sasa niambieni nyinyi mngefanyaje. Najua, mngefunua blanketi. Mimi pia nilitaka. Nilishika pindo. Lakini yule kijana alikuwa tayari ameanza kuomba, "Baba Mungu, tunakuja mbele zako tukiwa na majonzi," na mtu huwezi kukatiza maombi, nililelewa hivyo, nikasema wacha afike amina nitatoa kichwa. Hakufika amina. Aliombea roho yangu, akaombea watoto wangu, akaombea mama aliyenizaa, akaombea wanaobeba mwili, na aliomba vizuri, jamani, kwa sauti iliyotetemeka, kwa ajili ya mtu asiyemjua, mpaka mimi mwenyewe machozi yakanitoka nikajihurumia marehemu. Na baada ya amina wakaimba ubeti mmoja. Ungetokeaje baada ya ubeti? Kila dakika niliyongoja ilifanya kufunua kuwe kubaya zaidi. Nikabana pumzi. Nikajiambia, hawanijui, siwajui, wataenda zao na mimi nitaenda zangu.

Kiondo, ndugu zangu. Kiondo kilikuwa tumboni kwangu kimeandikwa kwa nyuzi nyekundu.

Waliponipita nilitoa kichwa, na Gitonga akanitazama akasema, "Mama, vijana yako wako na heshima sana."

Kule chini nilipelekwa kliniki ndogo, wakasema hakuna kilichovunjika, wakanifunga bendeji na kunipa gongo la kutembelea. Nikalala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mkarimu, akaniletea supu, akaniambia chukua simu yangu uwaambie watu wako uko salama. Nikaishika. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi, mtu mzima mwenye biashara, sijui namba ya mtu yeyote duniani. Zote zilikuwa ndani ya simu iliyo ndani ya mlima. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, ya Musyoka, niliyoijua tangu siku za kupiga kutoka kibanda cha kijani pale posta, na vidole vikaibonyeza vyenyewe. Sauti ya mwanamke ikaniambia namba hiyo haitumiki. Nikasikiliza mpaka mwisho. Halafu nikarudisha simu nikasema, "Hawapatikani, nitawakuta nyumbani."

Asubuhi nikapata lifti ya lori la viazi linaloenda Machakos. Nilikaa mbele na dereva, gongo katikati ya magoti. Kwenye kona moja mlima ukatokea upande wa dirisha lake, wazi kabisa, na dereva hakuugeukia hata mara moja. Nilitaka kumwambia, baba, angalia. Sikumwambia. Niliangalia kwa niaba yetu wote mpaka ukabaki nyuma.

Mjini nikachukua boda, kijana wa Mwala ambaye hanijui. Nikamwambia Kalama, kwa kina Musyoka. Akasema, "Sawa mama, kwa matanga?"

"Matanga ya nani?"

"Si mama wa hapo? Nimebeba watu huko tangu asubuhi. Pole sana."

Mama wa hapo! Kwetu mama wa hapo ni mmoja, ni mama mkwe wangu, mama ya Musyoka, ambaye nilimwacha mzima anachambua maharagwe na kunikaripia kwamba mwanamke mwenye akili hapandi mlima usio na kuni. Jamani. Nilipiga ukemi hapo hapo juu ya pikipiki. Yule mwanamke hajawahi kunisifu hata chai, lakini tangu Musyoka aondoke tumelala nyumba moja, tumekula chungu kimoja, na usiku wa mvua yeye ndiye anayeuliza kupitia ukuta, "Ndunge, umefunga dirisha?" Na nilikuwa nimemwacha peke yake nikafuata mawe! Kijana akaongeza kasi. Tulipofika karibu nikaona tenti, nikaona viti, nikaona moshi wa sufuria kubwa, nikaona magari, na nikashuka kabla hajasimama, na gongo langu, nikaingia kwa lango nikilia kwa sauti yote Mungu aliyonipa:

"Mwaitu! Mama yangu, umeniacha na nani? Mwaitu, kwa nini hukuningoja!"

Na kutoka ndani ya nyumba nikasikia sauti ya mama mkwe wangu, nzima, kali, inasema, "Ni nani huyo anamlilia Ndunge na sauti ya Ndunge?"

Nikasimama. Watu wakageuka.

Mzee wa kanisa alikuwa amesimama mbele na karatasi ya mipango ya mazishi, akaniona, akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema madhabahuni, akaruka ua wa miiba na suti yake. Viti vikaanguka kwa safu. Wamama wa chama changu, walewale walionisukia kiondo, wakakimbilia shamba la mahindi wakiita jina la Yesu, mmoja wao amebeba kijiko kikubwa cha pilau mpaka leo haelewi kwa nini. Mimi nasema, "Ni mimi! Ni mimi!" na kila nikisema ni mimi ndivyo wanavyokimbia zaidi, kwa sababu hilo ndilo hasa walikuwa wanaliogopa. Nimejaa tope kavu kutoka kichwani, bendeji nyeupe mguuni, machozi. Hata mimi ningenikimbia.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakukimbia. Alitoka mlangoni na fimbo yake, leso nyeusi begani, akaja moja kwa moja akipita juu ya viti vilivyoanguka, akasimama mbele yangu, akaninusa. Kweli, alininusa. Halafu akanifinya mkono mpaka nikapiga kelele.

"Ana damu," akatangazia mahindi. "Rudini."

Halafu akatupa fimbo akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema polepole, kwa Kikamba, kitu ambacho nitakisema kwa Kiswahili tu: "Nilimzika mmoja na nikaweza. Wewe nisingeweza."

Miaka yote hiyo. Nilikuwa namngojea aseme chai ni tamu.

Ikajulikana pole pole. Yule msichana aliyesema aiya alikuwa wa Masii, alisoma kiondo, na alipofika juu kwenye mtandao akampigia mama yake, na mama yake anamjua mtu wa chama chetu, na jioni hiyo Kalama yote ilikuwa inalia. Walipiga simu yangu, haipatikani. Ya Mwende, haipatikani. Shemeji yangu Mutua alikuwa amekodi gari alfajiri kwenda kuchukua mwili, na wakati ninasimulia haya yote mbele ya watu waliorudi kutoka mahindini, yeye yuko Nyeri anagombana na watu wa mochari, anawaambia wasimfiche, mwili wa shemeji yake anaujua. Alipopigiwa akaambiwa rudi, yuko hapa anakunywa chai, akauliza, "Nani alimleta?" Chakula kilikuwa kimeshaiva, basi kikaliwa. Mzee wa kanisa akarudi na miiba kwenye suruali akageuza ibada ikawa ya shukrani, lakini hakunisogelea.

Jioni, jua bado liko juu ya Kalama na watu wamepungua, tumekaa nje sisi wawili, mguu wangu juu ya kiti cha matanga. Mama mkwe akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Huko ulienda, ni yeye alikutuma?"

Nikasema ndiyo, Mwaitu.

Akaikunja leso yake nyeusi magotini, akasema, "Akiwa mdogo aliacha mbuzi za baba yake akaenda kuutafuta. Alipanda hapo juu, akauona, akafikiri ni karibu. Tulimtafuta mpaka tukakata tamaa. Alipatikana Mitaboni, anauliza watu kwa barabara, mlima umeenda wapi. Ukishuka bondeni hauonekani, unaelewa? Alifikiri umehama. Alilia siku nzima, si kwa sababu ya kiboko cha baba yake. Kwa sababu ya huo mlima."

Hakuwahi kuniambia. Mume wangu, aliyeniambia kila wingu, hilo hakuniambia. Nikamwona, mtoto mdogo miguu mitupu katikati ya barabara ya vumbi, anauliza wapita njia, na nilitamani kuwa mmoja wao, nimwinue begani.

Simu ya Mama mkwe ikalia. Nikashika mimi. Kukawa na upepo, halafu sauti ya Mwende imepasuka kwa kilio, anamwita nyanya yake, "Susu! Susu, nimeshuka sai, nimepata meseji, wanasema mathe..."

"Mwende, ni mimi."

"Mathe? Si wanasema umekufa?"

"Nilikufa kidogo tu. Nitakueleza. Ulifika?"

Akalia, akacheka, akalia tena. "Nilifika, mathe. Jua likitoka."

"Kukoje huko?"

Nikasikia anavuta pumzi, anatafuta neno, analikosa. "Mathe, siwezi kukuambia. Kila neno ni dogo."

Basi, hayo ndiyo yaliyonipata, na sasa mna haki ya kucheka. Somo nililopata ni moja: ukianguka mbele za watu, anguka uso wazi, wakuone, wakucheke, waende zao, maana aibu ya kuonekana inaisha jioni, lakini ukijifunika watu watakumalizia hadithi wenyewe, na watakukodia tenti. Nimeapa mbele ya mama mkwe na mbele ya chama chote kwamba sitavuta blanketi juu ya kichwa changu tena, hata nikiwa nyumbani, hata kukiwa na mbu, mpaka siku ile ambayo watu wengine watanivutia.

Kuhusu mlima sijaapa chochote.